Mti wa Taa Ukutani: Somo Dogo la Majilio



Vijana wapendwa, leo nawaletea somo nililolipata nikiwa likizo nyumbani.

Kwetu, baba ndiye aliyekuwa akileta mti wa Krismasi kila mwaka: tawi la mvinje, analisimamisha kwenye ndoo ya mchanga. Mwaka huo baba alifariki mwezi wa nane. Nilipofika likizo mama akaniambia kwa upole, "Mwaka huu mti hapana, mwanangu. Sina moyo huo." Nina shahada ya falsafa, lakini pale sikuwa na hoja hata moja. Nikanyamaza.

Usiku, mdogo wangu wa miaka 9 akaniuliza, "Sasa kaka, Mtoto Yesu atakuja nyumba ikiwa hivi?"

Swali lile halikunipa usingizi. Nikafungua Luka 2: wachungaji waliletewa habari njema wakiwa kwenye zamu ya usiku. Nikafungua Isaya 9: nabii hawaambii watu watoke kwanza gizani ndipo waone nuru. Nuru inawakuta hukohuko gizani. Asubuhi nikamjibu dogo, "Atakuja. Nyumba kama hii ndiyo anayoijia."

Kisha nikaenda kwa mama. "Mama, hatuleti mti. Tunaomba ukuta tu." Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu nifike.

Tulivyoutengeneza

1. Tafuta uzi wa taa ndogo za Krismasi wa mita 5. Uwashe kwanza, usije ukabandika taa mbovu.
2. Chagua ukuta ulio karibu na soketi. Kwa penseli, weka alama za pembetatu: upana wa sentimita 80 chini, kimo cha mita 1.5.
3. Anzia chini, upande wa soketi. Peleka uzi kulia, kisha kushoto, ukipanda kidogo kidogo na kupunguza upana hadi kileleni. Mizunguko minane inatosha.
4. Kila kona shikiza kwa solotepu. Usipigilie msumari kwenye waya, na zima taa kabla ya kulala.
5. Kileleni bandika nyota ya karatasi. Chini weka pango, hata la boksi. Hori libaki tupu hadi mkesha wa Noeli.

Tunajifunza nini?

Kwanza, ishara siyo kitu chenyewe. Mti unapendeza, na tangu mwaka 1982, wakati wa Papa Yohane Paulo II, mti wa Noeli husimama hata Uwanja wa Mtakatifu Petro, Vatikani. Lakini husimama pamoja na pango. Mtakatifu Fransisko, kule Greccio mwaka 1223, aliandaa hori, nyasi, ng'ombe na punda ili watu waone umaskini aliozaliwa nao Bwana. Ukikosa mti, hujakosa Noeli.

Pili, furaha ya Noeli hailazimishwi. Aliyefiwa usimwambie "changamka bwana, ni sikukuu". Mama hakuhitaji mahubiri yangu. Alihitaji tumwombe ruhusa, tusimvuruge, tukae naye.

Jioni tuliwasha taa. Mama akasimama mlangoni, akautazama ule mti muda mrefu. "Umepinda kushoto," akasema. "Wa baba yenu nao ulikuwa unapinda." Halafu akaketi, akatoa rozari. Tukasali matendo ya furaha kwa mwanga ule. Tulipofika tendo la tatu, Yesu anazaliwa Betlehemu, alilia, na sisi tukalia. Haikuwa Noeli ya shangwe, ila Bwana alikuwepo.

Kazi ya wiki: Katika Jumuiya yenu, nani anaingia Noeli hii akiwa na msiba, ugonjwa au upweke? Mtembelee kabla ya tarehe 24. Usiende na maneno mengi.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyezaliwa usiku, ingia katika nyumba zetu kama zilivyo. Uwafariji wanaolia, na uwape marehemu wetu mwanga wa milele. Amina.

Majilio mema, wapendwa. Tuombeane.