Kamera ya PS3 kwenye PS4

Swali: Nimenunua PlayStation Eye ya mtumba. Nikiichomeka kwenye PS4 ya wanangu, haionekani kabisa. Imekufa?

Jibu: Usiitupe. Kamera hiyo ilitoka 2007 kwa ajili ya PS3, nayo hutumia USB. PS4 ina kamera yake, yenye lenzi mbili na tundu lake maalumu nyuma ya mashine. Muuzaji angekuambia, lakini ndiyo mtumba.

Azima PS3 uijaribu. Zungusha pete ya lenzi: nukta nyekundu huvuta uso karibu, ya bluu hupanua picha ienee sebule. Maikrofoni zake ni nne, hivyo hutenganisha sauti ya mchezaji na kelele za chumbani vizuri ajabu. Hata kompyuta huipokea, ukiiwekea draiva za wabunifu wa nje.