Kudaka Mpira Penye Ua: Somo Katika Kanuni za Besiboli



Katika gazeti letu hili tumezoea kusoma habari za kandanda, mbio na mpira wa pete. Leo napenda kuwaeleza jambo moja tu la besiboli, mchezo upendwao sana Marekani na Japani. Jambo lenyewe ni hili: mpira ukipigwa juu mpaka kwenye ua wa uwanja, na mchezaji akaudaka hapo hapo, au hata ng'ambo ya ua, je, ni halali? Nimelichagua kwa sababu yupo mtu aliyelaumiwa bure na maelfu ya watu, hali kanuni ilikuwa upande wake.

Kwanza yafaa tujue mchezo unavyokwenda. Timu ni mbili, na inayolinda huwa na watu tisa uwanjani. Mpigaji huupiga kwa rungu mpira anaorushiwa, kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne ili apate bao. Walinzi wakiudaka mpira kabla haujagusa chini, mpigaji ametoka. Lakini mpira ukiruka ua wa nyuma bila kugusa chini, nao umepita baina ya mistari miwili ya uwanja, mpigaji huzunguka vituo vyote bila kuzuiwa, pamoja na wenzake waliokuwa vituoni. Basi pale penye ua, upana wa kidole waweza kutenga baina ya mtu kutoka na timu kupata mabao manne.

Sasa tuzitazame kanuni.

Ya kwanza: ua huhesabiwa kama ardhi. Mpira ukigonga ua kisha mlinzi akaukamata, hakuudaka; mchezo unaendelea.

Ya pili: mlinzi ana ruhusa kunyosha mkono juu ya ua na kuudaka mpira ng'ambo. Hata akiruka, akaudaka akiwa hewani, kisha akaangukia upande wa pili, mpigaji ametoka, mradi mpira haukumponyoka. Mguu wake usiwe umekwisha kukanyaga ng'ambo kabla ya kudaka. Lakini kuanguka kwake kuna gharama: kama mchezo haujasimama kwa watu watatu kutoka, kila mkimbiaji aliye kituoni hupewa kituo kimoja.

Ya tatu: mpira ukimgusa mlinzi ungali hewani, kisha ukavuka ua baina ya mistari, mpigaji huzunguka vituo vyote. Mwaka 1993, mjini Cleveland, mpira ulimgonga kichwani Jose Canseco wa timu ya Texas Rangers, ukaruka ua. Watu walicheka sana, lakini wapinzani wake walipata bao lao.

Ya nne ndiyo kubwa, nayo yawahusu watazamaji. Mtazamaji akinyosha mkono kuingia upande wa uwanja, akamzuia mlinzi waziwazi asidake, mwamuzi humtoa mpigaji kana kwamba mpira umedakwa. Lakini mlinzi akinyosha mkono kuingia upande wa watazamaji, ameingia kwa hatari yake mwenyewe. Huko mtazamaji akiugusa mpira, hana kosa. Hivyo mwamuzi hujiuliza swali moja: mpira ulikuwa upande gani wa ua ulipoguswa?

Tutazame mifano miwili.

Tarehe 9 Oktoba 1996, mjini New York, timu ya Baltimore ilikuwa mbele kwa mabao 4 kwa 3 katika zamu ya nane. Derek Jeter wa New York aliupiga mpira kuelekea ua wa kulia, naye Tony Tarasco akasimama chini ya ua akiungoja. Mvulana wa miaka 12 akanyosha mkono kutoka jukwaani, akauvuta mpira ndani. Mwamuzi Rich Garcia alimpa Jeter bao. Baadaye, alipotazama picha, alikiri kwamba mtazamaji aliuingilia mpira. Lakini maji yalikuwa yamekwisha mwagika: New York walishinda 5 kwa 4, na yule mvulana akashangiliwa mjini kwao kama shujaa.

Mfano wa pili ni wa Chicago, tarehe 14 Oktoba 2003. Timu ya Cubs iliongoza kwa mabao 3 kwa 0, ikibakiwa na kuwatoa watu watano tu ili iingie fainali. Mpira ukaelekea ukuta wa pembeni, upande wa kushoto. Ukuta huu si ule wa nyuma, lakini kanuni ya watazamaji ni ile ile. Moisés Alou akaruka, akanyosha mkono juu ya ukuta. Watazamaji kadhaa nao wakanyosha mikono, na mmoja wao akaugusa. Mwamuzi akasema hakuna kosa, maana mpira ulikuwa umekwisha kuvuka ukuta. Alisema kweli. Baada ya hapo mlinzi mmoja wa Cubs alishindwa kukamata mpira mwepesi wa chini, na wapinzani wakapata mabao 8. Lakini watu hawakuwalaumu wachezaji. Walimtukana yule mtazamaji na kumrushia vitu, hata askari wa uwanja wakamtoa kwa usalama wake.

Oneni, wenzangu: wa New York alivunja kanuni akashangiliwa, na wa Chicago hakuivunja akatukanwa. Tofauti yao haikuwa katika tendo. Ilikuwa katika nani alishinda na nani alishindwa.

Tangu mwaka 2008 waamuzi wa ligi kuu ya Marekani hutazama picha tena panapokuwa na shaka juu ya mpira wa namna hii. Na mwaka 2016 Cubs walitwaa ubingwa, mara ya kwanza tangu 1908. Mwaka uliofuata walimpa yule mtazamaji pete ya ubingwa. Ilikuwa imepita karibu miaka kumi na minne.

Sisi nasi hupenda kutafuta wa kulaumiwa bweni letu linaposhindwa. Kabla hatujamnyoshea mtu kidole, na tuulize kwanza kanuni inasemaje, na mpira ulikuwa upande gani wa ua.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne