Mchekeshaji Wodini: Kicheko Humsaidiaje Mtoto Mgonjwa?

Mtoto anayesubiri kupasuliwa huingiwa na hofu. Hofu hiyo si jambo la moyoni tu. Huufanya mwili utoe homoni iitwayo adrenalini, mapigo ya moyo yakaenda mbio na misuli ikakaza. Mtoto wa namna hiyo huweza kukataa kuvutishwa nusukaputi, na kazi ya daktari ikawa ngumu. Katika makala haya tutaeleza njia moja ya kuipunguza hofu hiyo, yaani kuwatumia wachekeshaji wa hospitalini.

Mpango maalumu wa kazi hii ulianzishwa New York, Marekani, mwaka 1986, na Michael Christensen, msanii wa sarakasi ya Big Apple Circus. Mwaka 1991 mipango ya namna hiyo ilianza pia Ufaransa na Brazili.

Mchekeshaji huvaa koti jeupe la daktari na pua bandia nyekundu. Hata hivyo, yeye si daktari, wala hafanyi mzaha ovyo. Hufunzwa kanuni za usafi, huarifiwa na wauguzi hali ya kila mtoto, na hubisha hodi kabla ya kuingia. Mtoto akimkataa, huondoka.

Hapo ndipo ulipo msingi wa kazi yake. Hospitalini mtoto huchomwa sindano na kulazwa bila ya kuombwa ridhaa yake. Mchekeshaji hujifanya mjinga: huweka gotini kifaa cha kusikilizia moyo, naye mtoto humsahihisha. Kwa dakika chache aliyekuwa mnyonge huwa mwalimu. Tena, akili iliyoshughulishwa na mchezo hubakiwa na nafasi ndogo ya kuyazingatia maumivu.

Je, upo ushahidi? Mwaka 2005 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu watoto 40, wenye umri wa miaka 5 hadi 12, waliokuwa wakisubiri upasuaji. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilisindikizwa na mzazi pamoja na wachekeshaji wawili. La pili na mzazi peke yake. Wakati wa kupewa nusukaputi, wasiwasi wa kundi la kwanza ulikuwa mdogo zaidi. Lakini wengi wa wahudumu wa chumba cha upasuaji, ingawa walikiri faida hiyo, hawakutaka utaratibu huo uendelee, kwani waliona unaingilia kazi yao. Mapitio ya majaribio 24, yaliyochapishwa mwaka 2020, nayo yalionyesha kwamba wachekeshaji huweza kupunguza wasiwasi wa watoto.

Kicheko hakiui vijidudu wala hakiungi mfupa. Hata hivyo, kama ilivyo kwa dawa, manufaa na madhara yake hupimika.

Maswali ya kujadili darasani
1. Kwa nini watafiti walihitaji kundi lisilokuwa na wachekeshaji?
2. Kwa nini watoto waligawanywa kwa bahati nasibu, badala ya kuachwa wachague wenyewe?
3. Ungekuwa mganga mkuu, ungeamuaje baina ya utulivu wa mtoto na malalamiko ya wahudumu?