Somo la Kubaleghe na Rushdi

Ama baad. Katika Sura ya Nisaa, aya ya 6, Mwenyezi Mungu amewaamrisha mawalii wawajaribu mayatima kabla ya kuwakabidhi mali zao. Basi mambo yatakiwayo ni mawili, wala moja halitoshi: kubaleghe na rushdi.

Kubaleghe kwa mwanamume ni kutokwa na manii, au kutimiza miaka 15 ya mwandamo, nayo kwa hesabu ya jua ni kama miaka 14 na miezi sita na nusu. Ibn Umar alirudishwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, siku ya Uhud akiwa na miaka 14, akaruhusiwa siku ya Khandaq akiwa na miaka 15. Ama rushdi, katika madhehebu ya Shafi, ni kutengenea dini na mali pamoja.

Mfano wake: mtu wa pwani amekaa Sumbawanga, anafanya biashara ya mahindi, maharage na ulezi. Mkewe akafa, na mwana akarithi fungu lake. Baba ni mlinzi wa fungu hilo, wala si mwenyewe. Basi mwana akikaribia kubaleghe apelekwe sokoni, apatane bei ya gunia na mkulima wa Ufipa. Wakiafikiana, baba ndiye afungaye bei, kwani biashara ya mtoto haisihi. Jaribio hili lirejewe mara mbili au zaidi, kwani mara moja huenda ikawa bahati. Na mwana wa mkulima hujaribiwa kwa shamba na ujira wa vibarua.

Akibaleghe naye ni rashidi, kizuizi huondoka chenyewe pasipo hukumu ya kadhi. Kumnyima mali yake baada ya hapo ni dhulma, hata baba akisema, "Huyu kwangu bado mdogo." Akibaleghe naye mfujaji, huzuiwa, kumpa ni kuihini amana. Imamu Abu Hanifa amesema apewe afikapo miaka 25. Shafi hakuweka ukomo huo.

Na kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 humhesabu mtoto kila aliye chini ya miaka 18, ni bora hesabu ya mali iandikwe mapema. Na siku ya kukabidhi wawepo mashahidi, kama ilivyoamrishwa katika aya hiyo hiyo.

Baada ya hapo baba hubakiwa na nasaha, si amri juu ya mali ya mwanawe. Na mwana hubakiwa na wajibu wa kumtendea baba wema, hauondoki kwa kubaleghe wala kwa utajiri.

Wallahu aalam.