Kuwafahamisha Wanafunzi Wapya

Wanafunzi wapya wakifika chuoni, kila mmoja hujibanza kwa aliyetoka naye kwao. Wakiachwa hivyo, watamaliza mwaka hawajajuana.

Zamani nilikuwa nikiwasimamisha mmoja mmoja, wataje jina, kwao, na kazi ya baba. Siku moja kijana alisimama, akanyamaza, kisha akatoka nje. Baba yake hakupata kumjua. Swali lile sikuliuliza tena.

Nikageukia vitendawili. Wakae duara, wasizidi 20. Mmoja aseme, “Kitendawili!” Wenzake waitike, “Tega!” Wakishindwa, mtegaji hudai mji. Hapo mmoja wao atoe kijiji chake mwenyewe, na mtegaji anaweza kuukataa: “Siutaki, nipe mwingine!” Vicheko huanzia hapo. Akiukubali, kabla hajatoa jibu ataje jina la aliyempa mji na jambo moja alilosikia juu ya huko.

Wenye haya waanze wawili wawili kwa dakika 5, kisha kila mmoja amtambulishe mwenzake, maana kumsemea mwenzio ni rahisi kuliko kujisemea. Mwalimu naye aingie duarani. Akibaki mezani na daftari lake, watadhani wanapewa maksi.