Usiku Mlimani: Panga Pa Kulala Kabla ya Kufunga Mzigo

Likizo ikikaribia, klabu nyingi za shule huku kwetu Songwe huanza kupanga safari za miguu. Wengine wanataka milima ya Ileje, wengine wanavuka kwenda Mlima Rungwe mkoani Mbeya. Vizuri sana, kutembea ni afya. Lakini leo ninataka tuzungumzie jambo ambalo watu hulisahau: mtalala wapi?

Nilijifunza kwa shida. Nikiwa kidato cha tano tulikwenda mlimani wanafunzi wanane. Tulipanga njia, chakula, hata nyimbo. Usiku hatukuupanga. Giza likatukuta njiani, mvua juu yetu. Tukafunga hema, tukawa tunatetemeka. Mmoja akasema, "Jamani, si tuna jiko la mkaa? Tuliingize ndani." Tukaliingiza, tukafunga zipu, joto likaja, tukalala. Usiku wa manane mwenzetu mmoja aliamka kichwa kinamuuma sana, akatambaa kufungua mlango ili atapike. Kutapika kwake ndiko kulikotuokoa sote. Nitakueleza kwa nini.

ANZA NA USIKU, SIYO NJIA

Wengi huuliza, "Tutatembea kilomita ngapi?" Swali la kwanza liwe, "Saa 10 jioni tutakuwa wapi?" Huku kwetu jua likishazama giza halichelewi. Ukifika saa 10 unapata muda wa kutafuta maji, kupika, kubadili nguo zilizolowa na kuangalia choo kilipo.

Ipo hesabu rahisi iliyotolewa mwaka 1892 na mpanda milima wa Scotland, William Naismith. Weka saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 mnazopanda. Hesabu hiyo ni ya mtu mzoefu asiyepumzika. Ninyi mna mabegi, na kuna wanaochoka haraka, kwa hiyo ongezeni nusu yake.

Mfano: kilomita 12, kupanda mita 900. Kilomita zinachukua karibu saa 2 na nusu, kupanda saa 1 na nusu, jumla saa 4. Ongeza nusu, zinakuwa saa 6. Mkiondoka saa 4 asubuhi mtafika saa 10 jioni. Mkiondoka saa 6 mchana, mmeshajitafutia matatizo.

MAHALI PA KULALA

Mkipita vijijini, mwalimu aende au apige simu mapema kwa mtendaji wa kijiji. Mara nyingi darasa la shule ya msingi linatosha kabisa. Kama ni msitu wa hifadhi, ombeni kibali kwanza. Na Ileje kumbukeni: Mto Songwe ni mpaka na Malawi, msivuke kiholela.

Mkilala kwenye hema:
• Msilale bondeni kwenye mkondo wa maji. Mvua ya juu mlimani huleta mafuriko hata kama kwenu hakunyeshi.
• Msilale kileleni kwenye upepo, wala chini ya mti mkavu.
• Choo kiwe mbali na maji, angalau hatua 70.
• Maji ya mto yachemsheni au yatieni dawa. Maji maangavu siyo lazima yawe salama.

Wasichana na wavulana walale sehemu tofauti, na awepo mwalimu wa kike. Usiku asiende mtu chooni peke yake. Dada, beba pedi hata kama siku zako bado, maana safari na uchovu vinaweza kubadilisha tarehe. Na yeyote akikusumbua, mwambie mwalimu usiku huohuo. Usingoje kurudi nyumbani.

BARIDI

Kila mkipanda mita 1,000, joto hupungua kwa karibu nyuzi 6. Tuseme Tunduma usiku ni nyuzi 12. Mita 1,000 juu yake ni nyuzi 6, na ukiwa umelowa unahisi baridi zaidi. Mwezi wa sita na wa saba ndiyo mbaya zaidi.

Ardhi nayo inakunyang'anya joto. Tandika mkeka au nyasi kavu chini yako kabla ya kufikiria blanketi la pili. Funga nguo za kulalia ndani ya mfuko wa nailoni, usizivae mchana.

Mwenzako akitetemeka sana, akianza kujikwaa na kuongea kama mlevi, hiyo ni hatari. Mvue nguo zilizolowa, mvalishe kavu, mfunike pamoja na kichwa. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe chai yenye sukari. Akiacha kutetemeka huku amelegea, hali imezidi, tafuteni msaada haraka. Na pombe? Wanaosema gongo inapasha joto wanajidanganya. Inakufanya ujisikie joto huku mwili unapoteza lake.

JIKO LIBAKI NJE

Mkaa unapowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, unapata maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha unalala usiamke. Hema au chumba kilichofungwa kinatosha kuua wote. Sisi wanane tulikuwa njiani kwenda huko. Mkihisi dalili hizo, tokeni nje wote mara moja na mtafute matibabu.

NA KILIMANJARO JE?

Huko shida nyingine ni urefu. Kuanzia mita 2,500 hivi mtu anaweza kuugua kwa kupanda haraka. Njia ya Marangu ina vituo vya kulala: Mandara mita 2,720, Horombo mita 3,720, na Kibo karibu mita 4,700. Wataalamu wanashauri kwamba ukipita mita 3,000, kila usiku usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko jana. Linganisha na vituo hivyo: kila kimoja kinaruka karibu mita 1,000! Ndiyo maana wengi hulala Horombo siku mbili. Mchana wanapanda kidogo, usiku wanarudi kulala palepale. Anayepepesuka, kuchanganyikiwa au kuhema hata akiwa amekaa, ateremshwe hapohapo, hata kama ni usiku.

ZOEZI LA KLABU

Njia ni kilomita 15, kupanda mita 600. Mnataka kufika saa 10 jioni. Muondoke saa ngapi? Na saa 8 mchana mkiwa bado nusu ya njia, mtafanya nini?

Jibu: Saa 3 na saa 1 ni saa 4, ongeza nusu ni saa 6. Muondoke kabla ya saa 4 asubuhi. Mkichelewa, laleni kwenye kituo cha akiba mlichokipanga au rudini. Hamna kituo cha akiba? Basi mpango wenu haujakamilika.

Kurudi siyo aibu. Mlima utakuwepo hata likizo ijayo. Safari njema!