Upepo ni Wetu, Mlima ni Wako

Somo letu wiki hii ni Wagalatia sura ya 6. Wale wa ushirika wa Jumatano mnajua kwamba nililifundisha somo hili majuma matatu yaliyopita. Nililifundisha vibaya. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kushindana baiskeli kule Limuru, na huko ndiko nilikolielewa, tena kwa aibu. Kwa hiyo fungueni tena sura ile ile, mtazame mstari wa 2 na mstari wa 5, halafu mnivumilie nianze na baiskeli.

Mistari hiyo miwili ukiisoma haraka haraka utadhani inagongana. Kwanza Paulo anatutaka tusaidiane mizigo. Kabla hata hujageuza ukurasa anasema kila mtu ana mzigo wake wa kubeba. Jumatano ile dada mmoja aliniuliza, "Pasta, sasa sisi tufuate gani?" Nikamjibu kwamba inategemea: mambo madogo ujibebee, makubwa tusaidiane. Alinyamaza kwa heshima, lakini uso wake ulionyesha hajashiba. Ukweli ni kwamba hata mimi sikuwa nimeshiba.

Nilianza kuendesha baiskeli miaka mitatu iliyopita, daktari aliponiambia kwamba uzito wangu na umri wangu havielewani. Mwenzangu wa mazoezi ni kijana wetu mmoja wa kwaya ambaye kazi yake ni kusambaza mkate madukani kwa ile baiskeli nyeusi ya mizigo. Baiskeli yake ya mbio ni mtumba. Aliiunganisha mwenyewe kidogo kidogo, gurudumu mwezi huu, usukani mwezi ujao. Yangu niliinunua nzima, na kila mara tukipanda mlima ananiacha.

Wakenya tukisikia mbio tunafikiria miguu tu, tunafikiria Iten na Eldoret. Lakini Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi, na aliyemlea katika mchezo huu ni David Kinjah, huko Kikuyu, si mbali na hapo Limuru. Na Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Wanaume walizunguka milima ya Kigali kwa kilomita 267.5. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda baada ya kukaa mbele peke yake kwa zaidi ya kilomita 60, na waliomaliza walikuwa 30 pekee. Hao ni watu wanaolipwa kuendesha baiskeli! Mimi na yule kijana tulitazama mwisho wake kwenye simu, baada ya ibada, na hapo ndipo aliposema, "Pasta, na sisi tujaribu."

Mashindano yetu yalikuwa ya wapenda mchezo wa kawaida: walimu, mafundi, watu wa boda boda, vijana wa chuo. Mzunguko ni wa kilomita 9, unazungukwa mara 8. Unaanza na tambarare ya kama kilomita tatu katikati ya mashamba ya chai, na upepo unakujia usoni. Halafu unakunja kulia, na mlima huo hapo, kilomita moja na nusu, mwinuko wa mita 90. Ukifika juu unashuka kona kona hadi darajani, unapanda kidogo, unarudi ulikoanzia. Mita 90 si kitu ukiisema mara moja. Mara nane ni mita 720, na Limuru penyewe pako zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya moja ya tano.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo penye somo.

Kwenye tambarare adui yako ni upepo, hata siku isiyo na upepo, kwa sababu hewa yenyewe inakusukuma nyuma. Ukiongeza mwendo mara mbili, hewa inakuzuia mara nne, na kazi ambayo miguu inafanya kuishinda hewa hiyo inakuwa mara nane. Lakini mtu akikutangulia, nawe ukakaa karibu kabisa na gurudumu lake la nyuma, yeye ndiye anayekula ule upepo. Wewe unaokoa robo ya nguvu zako, wakati mwingine hata theluthi. Ndiyo maana waendesha baiskeli wanakaa kwa makundi na kupokezana mbele. Si urafiki, ni hesabu. Watu wawili wanaopokezana watamwacha mtu mmoja mwenye nguvu kuliko kila mmoja wao.

Mlimani mambo yanabadilika. Pale mwendo wangu ni kama kilomita 12 kwa saa, na katika mwendo huo hewa haina neno. Kinachokuvuta nyuma ni uzito wako. Mimi na baiskeli yangu ni kilo 92, na kilo hizo hakuna mtu mwingine wa kuzipandisha. Ukikaa nyuma ya bingwa wa dunia bado utabeba kilo zako mwenyewe.

Umeona? Paulo hakujigonga. Wanaojua Kigiriki wanatuambia kwamba alitumia maneno mawili tofauti. Mstari wa 2 una neno *baros*, uzito unaolemea. Mstari wa 5 una *phortion*, mzigo wa mtu, kama furushi ambalo kila msafiri hufunga lake. Upepo tunagawana. Furushi ni lako. Na hili halihusiani na ukubwa wa jambo, kama nilivyomwambia yule dada. Toba yako hakuna mtu atakutubia. Mtihani wako, hasira yako, ndoa yako saa nne usiku mlango ukishafungwa, huo ni mlima. Lakini karo, msiba, ugonjwa, kutafuta kazi mwaka wa pili sasa, huo ni upepo, na kuna watu kwenye safu yako ya viti wanaoula peke yao kila siku.

Vikundi vya nyumbani, simameni hapa kwanza mjadiliane. Kila mtu ataje jambo moja analobeba, wenzake waseme kama ni upepo au ni mlima. Msikimbilie kumaliza ukurasa.

Narudi Limuru. Mimi na kijana tulikuwa tumeagana: kwenye tambarare tunapokezana kila kilomita, mlimani kila mtu na mapafu yake, juu tunangojana. Mizunguko minne ilienda sawa kabisa. Tulikuwa nafasi ya kumi na kitu, tunapita watu polepole, na nikaanza kujiona.

Kabla ya mzunguko wa tano kijana aliniambia, "Pasta, pumzika, hii tambarare nitavuta yote." Akavuta kilomita zote tatu. Mimi nilikaa nyuma yake kama abiria wa matatu aliyepata kiti cha dirishani. Tukafika mlimani yeye amechoka, mimi mzima, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilifika juu kabla yake. Wakati huo huo wakapita watu watano wenye nguvu, wamevaa jezi zinazofanana. Nikatazama nyuma. Kijana alikuwa kama mita 40 chini, kichwa kimeinama.

Nilisomea biashara chuo kikuu, na kuna mambo ambayo shule ile inakufundisha mpaka unayafanya bila kufikiria. Fursa haisubiri. Kundi hili lina kasi, nafasi ya sita iko hapo mbele, kijana atakuja na wengine. Nikadandia. Sikumwita, sikumpungia mkono. Mwalimu wetu wa uchumi alikuwa na kipindi kizima juu ya mtu anayefaidi kitu asichokichangia, na nakumbuka nilipata alama nzuri. Alichokuwa akikieleza kwa saa mbili, Kiswahili kinakimaliza kwa neno moja: mdandiaji.

Wale watano hawakuwa na mchezo. Ukija kwao unavuta zamu yako, na zamu yao ni kali. Nilikuwa na ndizi mbili kwenye mfuko wa mgongoni. Kila nilipotaka kuchukua moja mwendo uliongezeka, nikasema nitakula juu, nitakula kwenye mteremko, nitakula kesho. Wapendwa, mwili una akiba ya sukari kwenye misuli na ini, na ukifanya kazi kali bila kuongeza chochote, akiba hiyo hukaribia kwisha kati ya saa moja na nusu na saa mbili. Haipungui kwa adabu ikikuonya. Ni kama stima ya mtaani, unaona taa, halafu huoni taa. Katikati ya mlima wa mzunguko wa saba, stima ikapotea. Miguu ilikuwepo lakini haikuwa yangu. Wale watano waliendelea mbele bila kugeuka, na sina haki ya kuwalaumu kwa hilo.

Niliuvuka mlima kwa kujikokota, nikashuka nikiwa nimeshika breki njia nzima kwa sababu macho yalikuwa yanaona ukungu, nikaanza mzunguko wa mwisho peke yangu kwenye ile tambarare. Kilomita tatu, upepo usoni, na hakuna mgongo wa mtu mbele. Hapo ndipo nilipojua yule kijana alinifanyia nini katika mzunguko wa tano. Kabla ya hapo nilijua kwa hesabu tu.

Nikasikia minyororo nyuma. Kundi la watu watano, na yeye yumo ndani, anapumua vizuri kabisa. Wanne wakanipita. Yeye alinitazama. Sijui aliona nini, lakini aliacha kukanyaga pedali. Kundi lake likaenda, nafasi ikafunguka mita kumi, ishirini, hamsini, na mtu yeyote aliyewahi kushindana anajua kwamba ukishaacha ifunguke hivyo haifungiki tena.

"Pasta, kula," akasema, akanipa njugu na kipande cha sukari nguru kutoka mfukoni mwake. Ndizi zangu mbili zilikuwa bado mgongoni, nilikuwa nimezisahau. "Sasa kuja hapa nyuma. Usiongee, kanyaga tu."

Nilitaka kumwambia pole. Alikuwa amesema nisiongee.

Alinivuta mpaka mwanzo wa mlima. Pale akageuka kando, tukawa sambamba, akaniambia maneno ambayo nimeyaandika kwenye pambizo ya Biblia yangu, karibu na mstari wa 5, na tarehe: "Haya Pasta, hapa ni wewe na mlima." Hakuwepo Jumatano ile. Alikuwa kwenye mkate. Alipanda kando yangu polepole, akinisubiri, bila kunigusa na bila kunisukuma (kusukumwa hakuruhusiwi, na hata kungeruhusiwa sidhani angefanya). Kilo 92 zilipanda, kwa jinsi zilivyopanda.

Alimaliza wa kumi na moja, mimi nyuma yake wa kumi na mbili. Waliolipwa ni kumi bora. Wanne aliowaacha waende walimaliza nafasi ya saba hadi ya kumi, na wa kumi alipewa shilingi elfu tano, ambazo ni mkate wa siku nyingi sana. Kijana alisimama akawapigia makofi mmoja mmoja wakiitwa. Mimi nilikuwa nimekaa chini kando ya barabara, nakula ndizi.

Njiani tukirudi nilimwambia yote: kwamba nilitazama nyuma, kwamba nilimwona, kwamba niliamua. Nilikuwa nimeshaanza kujitungia kwamba sikumwona, na nilijua nikifika nyumbani nitakuwa nimeamini. Alisikiliza, akasema, "Nilikuona ukitazama." Halafu tukanyamaza mpaka Uthiru.

Jumatatu nilimtumia elfu tano kwa M-Pesa. Nilijiambia ni haki yake, na ilikuwa kweli, lakini pia nilikuwa nataka hesabu ifungwe nilale. Baada ya dakika kumi pesa zilirudi, zote, na ujumbe nyuma yake. Aliandika: "Pasta hiyo sio deni ya pesa. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tufanye mizunguko minne. Tambarare yote utavuta wewe."

Nimeandika somo hili Ijumaa usiku. Dada wa Jumatano nimeshampigia, nikamwambia nilimjibu vibaya. Baiskeli iko mlangoni, tairi zimejazwa, na safari hii ndizi nimeziweka mfuko wa mbele.